Somo: "Tumekubali" ina maana gani? Kujiuzulu, kuvumilia na kukata tamaa



Katika somo hili tunachunguza neno ambalo washirika wetu wanaotumia Kiingereza hulitumia kwa mambo mawili tofauti. Mkurugenzi anayeandika barua ya kuacha cheo chake, na mjane anayeinamisha kichwa kwa sababu haoni njia nyingine, wote wawili huelezwa kwa neno moja. Kifaransa cha ofisi zetu huyatenganisha: barua ya mkurugenzi ni démission, hali ya mjane ni résignation. Kiswahili kinaendelea mbali zaidi. Kina maneno zaidi ya kumi kwa mambo haya, na kila neno lina mahali pake.

Kwa nini somo hili ni la watu wa amani, si la walimu wa lugha tu? Kwa sababu sisi tunaofanya kazi Kolwezi, Fungurume, Luilu na vijiji vilivyo kando ya migodi tunaendesha vikao, na kila kikao kinaacha karatasi, yaani PV. Katika PV hiyo huandikwa mara nyingi maneno haya: "Wakaaji wamekubali." Neno hilo likishapigwa muhuri, linakwenda mbele ya kampuni, wilaya na mahakama. Kama watu waliridhia kweli, tumefanya kazi njema. Kama walikuwa wamekata tamaa, tumewasaidia wenye nguvu kuandika huzuni ya watu kama ridhaa yao.

Lengo la somo: mwishoni, kila mwezeshaji aweze kutofautisha maneno haya, na ajue maswali ya kuuliza kabla ya kuandika "wamekubali".

1. Jamii ya kwanza ya maneno: kuacha cheo au kazi

Tuanze na kitenzi kuuzulu, chenye asili ya Kiarabu. Kumuuzulu mtu ni kumwondoa madarakani. Ukiongeza -ji- unapata kujiuzulu, yaani kujiondoa mwenyewe. Silabi hiyo ndogo ina uzito mkubwa. Inasema kwamba aliyefanya uamuzi ndiye aliyetoka.

Mfano mzuri unatoka Tanzania. Mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watuhumiwa kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Si yeye aliyewatesa, lakini yalitokea chini ya wizara yake. Kujiuzulu kwake kulikuwa kubeba wajibu, na hakukumaliza maisha yake ya siasa. Mwaka 1985 alikuwa Rais wa nchi hiyo.

Kung'atuka. Neno hili lilienezwa na Julius Nyerere, kutoka katika lugha yake ya Kizanaki, alipoacha urais mwaka 1985. Anayeng'atuka hakimbii kosa wala hasukumwi. Ameona muda wake umetosha, anawapisha wengine. Ni neno la heshima, na si vizuri kulitumia kwa mtu aliyefukuzwa.

Kuachia ngazi. Ni neno la magazeti na la mtaani. Linasema tu kwamba mtu ametoka kwenye cheo, bila kueleza sana kama ni kwa hiari. Ndiyo maana umati unaoandamana husema "aachie ngazi", lakini hausemi "ang'atuke" kwa hasira ileile.

Kustaafu. Ni kuacha kazi kwa sababu ya umri au muda wa utumishi, pamoja na haki zake. Mstaafu ana madai ya pensheni. Mtu aliyeacha kazi tu huenda hana madai hayo.

Kuacha kazi, kuachishwa kazi, kufukuzwa kazi. Hapa sarufi yenyewe inatufundisha. Aliyeacha ndiye mtendaji. Aliyeachishwa ametendewa na mwingine. Sheria ya kazi ya nchi yetu ya tarehe 16 Oktoba 2002 inatenganisha vilevile mwajiri anayevunja mkataba na mfanyakazi anayeuvunja. Katika mkataba usio na mwisho, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya siku za kazi zisizopungua 14, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe anatakiwa kutoa nusu ya muda huo. Kwa hiyo mtu akishawishiwa kutia sahihi kwamba "ameacha" wakati ukweli ni kwamba "ameachishwa", neno hilo linamgharimu fedha.

Katika siasa ya nchi yetu kuna mifano ambayo -ji- inakuwa nyembamba. Machi 2009, Vital Kamerhe aliacha kiti cha Spika wa Bunge la Taifa. Miezi miwili kabla alikuwa amekosoa hadharani kuingia kwa majeshi ya Rwanda mashariki mwa nchi, na kambi yake ya siasa ikamshinikiza aondoke. Karatasi inasema alijiuzulu, na historia inasema alisukumwa. Januari 2021, Bunge lilipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba, naye akatoa barua yake siku mbili baadaye. Katiba yetu ya 2006 inasema kwamba serikali iliyoangushwa hivyo huhesabiwa kuwa imejiuzulu. Wakubwa hawa walikuwa na wanasheria, waandishi wa habari na marafiki. Tujiulize ni namna gani kwa mfanyakazi wa kawaida.

2. Jamii ya pili ya maneno: hali ya moyo

Kuridhia na ridhaa. Kuridhia ni kukubali jambo ukilijua, ukiwa na uwezo wa kulikataa. Ndugu yake ni kuridhika, yaani moyo kutulia na ulichonacho. Mtu anaweza kuridhia asiridhike. Kwa mfano, anakubali bei ya shamba lake akijua si bei aliyoitaka. Hiyo bado ni ridhaa, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kusema hapana.

Kuvumilia na kustahimili. Ni kubeba mzigo ukiwa bado umesimama. Mvumilivu ana lengo mbele yake, na ndiyo maana wazee husema mvumilivu hula mbivu. Bila mbivu mbele, hakuna uvumilivu, kuna kuteseka tu.

Subira. Ni uvumilivu wenye imani ndani yake. Wakristo na Waislamu wa Lualaba wanaliheshimu neno hili, nasi tunaliheshimu. Tukumbuke lakini kwamba subira huchaguliwa na mwenye shida mwenyewe. Mtu ambaye hajakosa chakula hawezi kumwamuru mwenye njaa awe na subira.

Kusalimu amri. Ni neno la vita. Aliyesalimu amri ameshindwa na nguvu, ameweka silaha chini. Hajasema kwamba mshindi ana haki.

Kukubali yaishe. Ni kuacha dai lako ili ugomvi ukome. Katika ndoa na kati ya majirani, mara nyingine ni hekima. Pale ambapo upande mmoja ndio "unakubali yaishe" kila mara, si hekima tena, ni desturi ya kuonewa.

Kukata tamaa. Tamaa hapa ni tumaini. Ni kama kamba iliyomfunga mtu na kesho yake, naye ameikata. Aliyekata tamaa halalamiki sana. Husema: "Tutafanya namna gani?" Au: "Tumeachia Mungu." Au hunyamaza kabisa. Mgeni anayemwona anafikiri ni mtu wa amani.

Hapa ndipo hatari ilipo. Kwa nje, mwenye ridhaa, mwenye subira na aliyekata tamaa wanafanana. Wote wameketi kimya na wote wanatia sahihi. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

3. Pale jamii mbili zinapokutana: "kuondoka kwa hiari" Gécamines

Hakuna mahali ambapo maneno haya yaligongana kama katika historia ya Gécamines. Kampuni hiyo ya serikali ilirithi migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliyotaifishwa mwaka 1967. Kwa wafanyakazi haikuwa mshahara tu. Ilitoa nyumba, shule, hospitali na posho ya unga kila mwezi. Wengi waliitaja kama baba na mama. Makambi ya Luilu, Kapata na Musonoie yalijengwa kwa utaratibu huo.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Kisha mambo yakaharibika upesi. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 kukaja uporaji, na kuanzia 1992 fitina za siasa ziliwafukuza watu wenye asili ya Kasai, wakiwemo mafundi na wafanyakazi wengi, toka Kolwezi na Likasi. Mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 30,000 hivi. Mishahara ikaanza kuchelewa, kisha ikakosekana kwa miezi mingi mfululizo.

Ndipo mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, serikali ikaanzisha mpango wa kupunguza wafanyakazi. Uliitwa Opération Départs Volontaires, yaani kuondoka kwa hiari. Ulilenga wenye utumishi wa miaka 25 au zaidi. Wafanyakazi 10,655 walitia sahihi. Kila mmoja alipewa kiasi cha fedha kwa mara moja, kikihesabiwa kuwa kimemaliza madai yake yote. Kutoka kazini kulikuwa vilevile kutoka katika mfumo wa posho, shule na matibabu.

Sasa tutumie maneno yetu. Je, watu hawa walijiuzulu? Karatasi inasema walijitolea kuondoka. Je, walistaafu? Wengi walikuwa na umri na utumishi wa kustaafu, lakini hawakuondoka kwa utaratibu huo. Je, waliachishwa? Kampuni ilihitaji kuwapunguza, ila haikuandika neno hilo. Je, waliridhia? Mtu ambaye hajalipwa kwa muda mrefu, watoto wake wamerudishwa kutoka shuleni, anawekewa mezani fedha taslimu na karatasi moja. Anaweza kusema hapana, lakini akirudi nyumbani na hapana yake, atawalisha watoto nini?

Wengi wa walioondoka wenyewe walitoa jibu lao baadaye. Walijiunga katika umoja wa kudai haki, wakisema kwamba walichopewa kilikuwa chini ya kile ambacho sheria na mapatano ya kazi yaliwapa. Mwaka 2009 malalamiko yao yalifika mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Mtu aliyeridhia hafanyi safari ndefu namna hiyo. Mpango uliokusudiwa kufunga jambo uliacha mgogoro uliodumu miaka mingi, na manung'uniko ambayo bado tunayasikia katika vikao vya makambi.

Hatusemi hapa kwamba kampuni ingeweza kuwalipa wafanyakazi wote bila kubadilika. Ilikuwa imekwisha kuanguka. Tunasema kwamba neno "hiari" lilibebeshwa mzigo usio wake. Kama wangeambiwa wazi, "Tunawaachisha kwa sababu kampuni imeshindwa, na hizi ndizo haki zenu", uchungu ungekuwepo, lakini wasingebaki na jeraha la kuambiwa kwamba ni wao waliotaka.

4. Hali ya leo: fidia na kuhamishwa

Baada ya 2002, sheria mpya ya madini ilifungua mlango kwa makampuni ya kigeni, na neno lilelile likahama kutoka kazini hadi kwenye nyumba. Katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za watu mwaka 2014, na mwaka 2017 sehemu ya wakaaji waliondolewa ili pachimbwe. Septemba 2023, Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu kuondolewa kwa nguvu katika maeneo ya migodi, wakitaja pia Cité Gécamines, mtaa ulio karibu kabisa na mgodi wa COMMUS. Ripoti hiyo inasimulia wakaaji walioona kwamba hawakuwa na uchaguzi, na kwamba fidia haikutosha kununua nyumba inayolingana na ile ya kwanza.

Sheria ya nchi yetu inatusaidia hapa. Msingi wa sheria ya mikataba, uliowekwa kwa amri ya tarehe 30 Julai 1888, unasema kwamba hakuna ridhaa halali kama imetolewa kwa kukosea, kwa kulazimishwa kwa nguvu au kwa kudanganywa. Mwanasheria atatuambia kwamba umaskini peke yake si nguvu ya namna hiyo, na ni kweli. Ila kutopewa habari za kweli, au kutishwa, ni mambo mengine. Viwango vya kimataifa vinakwenda mbele zaidi. Ridhaa inatakiwa iwe huru, itangulie kazi, na itolewe na watu waliokwisha kupewa habari zote.

5. Maswali matano kabla ya kuandika "wamekubali"

Kwanza: Je, kulikuwa na njia ya pili? Waambie wakaaji waieleze kwa maneno yao. Kama hakuna hata mmoja anayeweza kuitaja, hawajachagua.

Pili: Walijua nini, na walijua lini? Karatasi ya Kifaransa iliyosomwa upesi asubuhi ya kutia sahihi haitoshi. Isomwe kwa Kiswahili, pamoja na hesabu yote ya fidia, siku kadhaa kabla.

Tatu: Anayekataa atapatwa na nini? Kama jibu ni "atafuatwa usiku", au "atakosa hata kidogo kilichopo", tuandike jibu hilo.

Nne: Nani hajasema? Mara nyingi wenye nyumba husema, wapangaji hunyamaza. Wanaume husema, wanawake hunyamaza. Tuwe na kikao chao cha pekee, kisha tuandike waliyosema wao.

Tano: Kuna muda wa kufikiri? Ridhaa ya kweli haiogopi juma moja. Anayesema "leo au basi" hatafuti ridhaa.

Baada ya maswali haya, PV ibadilike. Badala ya "Wakaaji wamekubali kuhama", tuandike kwa mfano: "Wenye nyumba waliohudhuria wameridhia kiasi kilichotajwa. Wapangaji wanasema hawana mahali pa kwenda. Wanawake wanaomba maji yapatikane kwanza kule wanakohamia. Vijana hawakusema." PV ya namna hii ni ndefu na haimfurahishi kila mtu. Lakini inazuia mgogoro wa kesho kuliko sahihi mia moja zilizotolewa kwa kukata tamaa. Kampuni yenye busara nayo inanufaika, kwa sababu inajua mapema palipo na moto chini ya majivu.

6. Maonyo mawili kwa wawezeshaji

Onyo la kwanza: tusitumie methali kufunga midomo. "Subira yavuta heri" ni neno jema mdomoni mwa mama anayemtia moyo mwanawe. Mdomoni mwa afisa aliyechelewesha fidia, ni dharau. Badala ya kuwaambia watu wavumilie, tuwaulize: "Mnavumilia mkingojea nini, na hadi lini?" Kama kuna jibu, ni uvumilivu, nasi tunaweza kuusindikiza. Kama hakuna, tuanze kazi ya kurudisha tumaini, kwa hatua ndogo inayoonekana: kufuatilia barua moja, au kupata nakala ya daftari la ahadi ambalo kampuni ilitia sahihi na jamii.

Onyo la pili: tusimdharau aliyekata tamaa, wala tusimchochee. Kukata tamaa si uvivu. Mara nyingi ni hesabu ya mtu aliyejaribu mara nyingi akashindwa. Tukimsukuma kwa hasira bila njia, tutamtoa kimya na kumwingiza kwenye mawe na moto, naye ndiye atakayefungwa. Wahunzi wana methali inayofaa nchi hii ya shaba: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kazi yetu ni kumsaidia mtu apate koleo nyingine.

Hata ndani ya kamati zetu za amani, mjumbe akileta barua ya kujiuzulu, tusiipokee kama karatasi tu. Tumwite tuzungumze. Je, anabeba wajibu? Anapisha wengine? Anapinga jambo fulani? Amesukumwa na mtu? Au amechoka, amekata tamaa? Majibu matano haya yanataka matendo matano tofauti, ingawa barua huenda ni ileile.

7. Kazi ya vikundi

Zoezi. Gawanyikeni katika vikundi vya watu watano au sita. Andikeni maneno haya kwenye vipande vya karatasi: kujiuzulu, kung'atuka, kustaafu, kuachishwa, kuridhia, kuvumilia, kusalimu amri, kukubali yaishe, kukata tamaa. Kila mmoja achukue kipande kimoja, atoe mfano kutoka mtaa au kijiji chake bila kutaja majina, na wengine waseme kama neno linalingana na mfano.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika lugha yenu ya nyumbani, Kisanga, Kindembo, Kiluba, Kichokwe au nyingine, mnatofautishaje kuridhia na kukata tamaa? Kuna neno ambalo Kiswahili hakina?

2. Chukueni PV moja ya zamani ya kamati yenu. Neno "wamekubali" linaonekana mara ngapi? Kila mara, je, mngeweza leo kujibu maswali matano?

3. Ni nani katika jamii yenu ambaye kimya chake kimehesabiwa kuwa amani? Mtamwendea lini?

Tunawaomba mjaribu maswali matano katika kikao chenu kinachofuata, na PV mtakayoandika iwe na maneno ya watu wenyewe. Tunawatakia kazi njema.